Jibu la mtaalamu: Je, vikomo vipya vya ghorofa Kileleshwa navyo vinahitaji tathmini ya mazingira?

Msomaji wa Kileleshwa, Nairobi, ameuliza hivi: "Mimi ni mpangaji katika jumba la ghorofa nne. Kando yetu kuna mjengo unaopanda kila wiki na hakuna anayejua utakoma wapi. Sasa tunasikia kaunti inataka kuweka vikomo vipya vya ghorofa, mtaa kwa mtaa. Kwenye mkutano wa chama cha wakaazi, mmoja alisema vikomo hivyo ni lazima vifanyiwe tathmini ya mazingira kabla ya kupitishwa. Mwingine, ambaye ni wakili, alisema tathmini ni ya majengo, si ya karatasi. Nani kasema kweli? Na mimi ambaye sina hati ya nyumba nina sauti yoyote hapo?"

Dada, wakili wenu amekosea, ingawa naelewa kilichompoteza. Wengi wetu tunaijua tathmini ya athari kwa mazingira kutokana na lile bango linalotundikwa kwenye ua wa mabati: jina la mradi, mchoraji, mhandisi, nambari ya leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Hiyo ni tathmini ya mradi mmoja mmoja, na imo katika kifungu cha 58 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999. Lakini sheria hiyo ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2015 kiliongezwa kifungu cha 57A, ambacho wakaazi wachache sana wamekisoma. Kinataka sera, mipango na programu zifanyiwe tathmini ya kimkakati ya mazingira. Tena hakikuzilenga za serikali kuu peke yake. Kinataja waziwazi zile zinazoandaliwa au kupitishwa katika ngazi ya kaunti na ya chini yake. Anayeandaa sera ndiye anayelipia tathmini, kisha anaipeleka NEMA ili iidhinishwe.

Kuna kipengele kimoja ambacho wakili wenu angeweza kukitumia vizuri zaidi. Sera inayobanwa na kifungu hicho ni ile ambayo NEMA imeona kwamba huenda ikawa na athari kubwa kwa mazingira. Kwa hiyo atakayetaka kukwepa tathmini hatasema "karatasi haitathminiwi". Atasema: "Sisi tunaweka kikomo. Tunapunguza ujenzi. Kupunguza ujenzi kunaharibu nini?" Hoja hiyo ni tamu masikioni na imewahi kuwanyamazisha watu wengi, kwa hiyo nitaichambua kwa kirefu.

Kikomo kinapunguza ujenzi ukilinganisha na nini? Mwongozo wa kanda za ujenzi wa Nairobi wa 2004 uliiweka Kileleshwa pamoja na Kilimani na Riverside, ukaruhusu majumba ya kupangisha yasiyozidi ghorofa nne. Nadhani jumba unaloishi lilichorwa na mtu aliyekuwa na mwongozo huo mezani. Baadaye yakaja majengo ya ghorofa kumi, kumi na tano, na zaidi, yakiwa na idhini, huku mwongozo ule ule ukiwa bado upo kwenye kabati. Kuanzia 2021 pakawa na sera mpya ya udhibiti wa ujenzi iliyokuwa ikijadiliwa. Mgogoro wa Rhapta Road kule Westlands, uliopanda kutoka Mahakama ya Mazingira na Ardhi hadi Mahakama ya Rufaa, ulizunguka swali hilo hilo: mwongozo upi una nguvu, ule wa 2004 au sera mpya iliyokuwa haijapitishwa?

Sasa tuseme rasimu inaweka kikomo cha ghorofa kumi na tano kwa barabara yenu. Ukilinganisha na mjengo wa jirani yako, huko ni kupunguza. Ukilinganisha na mwongozo wa 2004, ni kuruhusu karibu mara nne ya kilichokuwepo. Kikomo cha ghorofa kumi na tano ni ruhusa ya ghorofa kumi na tano, na mwenye ploti akishaipata ruhusa hiyo atajenga zote. Hajaja kuacha faida hewani. Mshauri anayelipwa kuandika ripoti nyepesi atachagua mahali pa kuanzia hesabu panapomfaa aliyemwajiri. Atasema hali ya sasa ni ya vurugu, kwa hiyo kikomo chochote ni nafuu, na athari zote zinayeyuka kwenye ukurasa wa kumi. Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachokitafuta kwenye ripoti yoyote ya namna hii ni mahali pa kuanzia hesabu. Lazima iwe na angalau picha mbili: mtaa jinsi ulivyo leo kwa macho, na mtaa jinsi ungekuwa iwapo kila ploti ingejengwa hadi kikomo kipya.

Hiyo picha ya pili ndiyo inayopigiwa kelele kote duniani. Jiji la Minneapolis, Marekani, lilipitisha mpango mwaka 2018 wa kuruhusu nyumba zaidi ya moja kwenye ploti zilizokuwa za familia moja. Vikundi vya mazingira vikaushtaki mpango huo vikitumia hesabu ya kila kinachoruhusiwa kujengwa. Jiji likajibu kwamba haiwezekani kila kitu kikajengwa. Mwaka 2022 jaji aliusimamisha, na mwaka 2024 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuikinga mipango ya aina hiyo dhidi ya kesi za namna ile. Mimi nafikiri pande zote mbili zilikuwa na nusu ya ukweli. Si kila ploti hujengwa, lakini bomba la maji taka haliwezi kupanuliwa nusu.

Basi tufanye hesabu, maana mabishano mengi ya mikutano ya wakaazi hufia kwenye hisia. Chukua ploti ya nusu ekari, takriban mita za mraba 2,000, yenye ile nyumba ya zamani ya vigae vyekundu na bustani. Wamo watu wanane pamoja na wanaoishi kwenye nyumba ya wafanyakazi. Kwa lita 100 kwa mtu kwa siku, ni lita 800. Ibomoe, ujenge ghorofa kumi na tano zenye nyumba sita kila moja: nyumba 90. Weka watu watatu kila nyumba, unapata watu 270 na lita 27,000 kwa siku. Hayo ni karibu mabowsa matatu, yale malori ya kuuza maji, ya lita elfu kumi, kila siku, kwa jumba moja. Kadiria kwamba asilimia 80 inarudi kama maji taka, unapata lita zaidi ya 21,000 zinazotafuta pa kwenda. Ploti ishirini za namna hiyo kwenye barabara moja zinakunywa zaidi ya lita nusu milioni kwa siku.

Halafu mvua. Ikinyesha milimita 50 usiku mmoja, na Nairobi inanyesha hivyo, ploti hiyo inapokea lita 100,000. Kwa nyumba ya zamani, paa na njia ya gari vimefunika labda robo ya ardhi. Maji ya pale, lita 25,000 hivi, ndiyo yanayokimbilia mtaroni, na sehemu kubwa ya mengine inanywewa na udongo na mizizi. Kwenye mjengo mpya, jumba, maegesho ya chini ya ardhi na kabro, yale matofali ya kusakafia uwanja, vimefunika ploti karibu yote. Lita 90,000 zinatoka getini kwa mkupuo. Zinateremka hadi Kirichwa Kubwa, mto uleule unaopita Arboretum kabla ya kuungana na Mto Nairobi, na anayezipokea ni mtu wa bondeni asiyewahi kuhudhuria mkutano wenu. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalitukumbusha kwamba maji ya mtaa wa juu hayapotei.

Sasa soma ripoti ya tathmini ya jumba hilo moja, ile ya kifungu cha 58. Ukurasa wa maji utasema: mradi utatumia maji ya mfereji pamoja na kisima kirefu. Ukurasa wa maji taka utasema: mradi utaunganishwa na bomba la jiji lililopo. Ukurasa wa mvua utasema mitaro itajengwa. Hitimisho: athari ni ndogo na zinadhibitika. Na huenda mwandishi hajadanganya hata neno, kwa sababu jumba moja peke yake ni dogo mbele ya jiji lenye watu 4,397,073 kwa sensa ya 2019. Shida ni kwamba jumba la pili linaandikiwa ripoti ileile, la tatu vilevile, hadi la ishirini, na hakuna ripoti hata moja inayojumlisha. Maji ya mgao yanazidi kupungua, kila jumba linachimba kisima chake kwa kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kina cha maji ya ardhini kinashuka, na kwenye visima vingi vya Nairobi unakutana na floraidi nyingi. Bomba kuu la maji taka lililowekwa bondeni enzi za nyumba za vigae linafurika mfuniko. Kisha kila mwenye jumba anasema: yangu yana leseni.

Hapa ndipo nafasi ya tathmini ya kimkakati. Inapaswa kuuliza swali ambalo tathmini ya jumba moja haiwezi kuuliza: mtaa huu wote unabeba watu wangapi kwa mabomba yaliyopo, wangapi iwapo mabomba yatapanuliwa, nani atayapanua, kwa fedha gani, na kabla au baada ya ghorofa kupanda? Kikomo kinachotokana na majibu hayo naweza kukitetea popote. Kikomo kilichoandikwa kwa sababu namba fulani imeonekana ya katikati, wastawishaji wakinung'unika kidogo na wakaazi wakinung'unika kidogo, hicho ni mapatano tu, na kitavunjwa na mtu wa kwanza mwenye wakili mzuri.

Nikuombe jambo moja ambalo halitapendwa na wanachama wenzako: msing'ang'anie ghorofa peke yake. Idadi ya ghorofa ni rahisi kuhesabu ukiwa umesimama barabarani, ndiyo maana tunaipenda. Lakini kwa mazingira si kipimo kizuri. Jumba la ghorofa nne lililojaza ploti ukuta kwa ukuta, bila hatua moja ya udongo, linaweza kukuletea mafuriko mengi kuliko la ghorofa kumi lililosimama kwenye theluthi ya ploti na kuacha miti ya jakaranda mahali pake. Vinavyotakiwa kutathminiwa pamoja na urefu ni sehemu ya ploti inayofunikwa na jengo, jumla ya sakafu zote ukilinganisha na ukubwa wa ploti, umbali kutoka mpakani na barabarani, na ardhi inayobaki wazi kunywa mvua. Hiki cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi, kwa sababu kabro huwekwa baada ya mkaguzi kuondoka. Ongezeni pia idadi ya nyumba kwa ploti. Ghorofa nane za nyumba za chumba kimoja zinaleta watu na magari tofauti kabisa na ghorofa nane za familia.

Mtoni kuna kikomo kingine ambacho tayari kipo na hakihitaji sera mpya: kanuni za maji zinataka hifadhi ya kingo za mto isiyopungua mita 6, na inaweza kufika mita 30 kutegemea upana wa mto. Agosti 2018 tuliona Ukay Centre kule Westlands na South End Mall pale Lang'ata zikibomolewa kwa sababu ya kingo hizo. Majengo yote mawili yalikuwa yamesimama na kufanya biashara kwa miaka kabla tingatinga halijafika. Ramani ya rasimu ikionyesha kikomo cha ghorofa hadi ukingoni mwa Kirichwa bila kuchora hifadhi hiyo, liandikeni jambo hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa maoni yenu.

Sasa nije upande wa pili, ambao chama cha wakaazi hakipendi kuusikia. Kuzuia ujenzi Kileleshwa nako kuna athari, na tathmini ya kweli itazitaja. Watu 270 wa lile jumba letu la hesabu hawatatoweka kwa sababu mmewakatalia. Watapanga Ruaka, Ruiru, Kitengela, Syokimau. Mashamba ya kahawa ya Kiambu yanaendelea kugeuka ploti, na kila asubuhi magari yanajipanga Waiyaki Way na Limuru Road kurudi mjini kazini. Wasio na gari watabanana Pipeline, Embakasi, kwenye majumba yaliyosongamana hadi jua halifiki dirishani, ambako hakuna chama cha wakaazi chenye wakili. Moshi, maji taka na mafuriko havijapungua. Vimehamishwa hadi kwa watu wasio na sauti. Jimbo la California liliona mchezo huo kwa miaka, na mwaka 2019 likapitisha sheria inayozuia miji kupunguza idadi ya nyumba zinazoruhusiwa sehemu moja bila kuiongeza sehemu nyingine. Sisemi tuige, ila swali lao ni halali hata huku.

Na tusijifanye kwamba hatujui historia. Ploti kubwa za magharibi mwa Nairobi ziligawiwa wakati jiji lilipangwa kwa rangi: Wazungu huku juu penye hewa, Wahindi Parklands na Eastleigh, Waafrika Eastlands. Sababu ya kiafya ilikuwepo pia, kwamba pasipo na bomba la maji taka kila nyumba ilihitaji ardhi ya tangi lake na ya maji yake kuzama. Lakini ile sababu ya kwanza ndiyo iliyochora ramani. Mkienda mbele ya kaunti mkisema "tunalinda hadhi ya mtaa wetu", mtasikika kama warithi wa ramani hiyo, na mtastahili. Mkienda na hesabu ya bomba, mtaro na kisima, mtasikilizwa hata na mstawishaji, kwa sababu wanunuzi wake nao wanaoga kwa bowsa.

Kwa hiyo rasimu ikitoka, ombeni ripoti ionyeshe njia mbadala kadhaa, si moja. Ghorofa nne kila mahali. Ghorofa nyingi kando ya barabara kuu zenye bomba kubwa na matatu, na chache ndani bondeni. Kikomo kinachopanda kwa awamu, kila awamu ikingoja bomba fulani likamilike. Hali ya kuacha mambo yalivyo. Binafsi naipendelea ile ya awamu, ingawa nakiri ni ngumu kuisimamia penye maafisa wenye haraka ya kupiga muhuri. Ripoti yenye njia moja tu, na nyingine mbili zilizowekwa hapo ili zikataliwe, ni danganya toto.

Kuna hatari nyingine ya katikati. Habari za kikomo kipya zikishasambaa, kila mwenye ploti hukimbilia idhini kabla mlango haujafungwa, na mtaa unajengwa kwa kasi kuliko kama sera isingetajwa kabisa. Ulizeni mapema rasimu inasema nini kuhusu maombi yaliyokwisha wasilishwa, na ambao wana idhini lakini hawajachimba msingi. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inaipa kaunti uwezo wa kutangaza eneo maalum la mpango na kusimamisha ujenzi humo kwa muda usiozidi miaka miwili wakati mpango unaandaliwa. Mukuru ilitangazwa eneo la namna hiyo Agosti 2017, chini ya sheria ya kabla ya hii, na kazi ya kupanga mitaa ile pamoja na wenyeji ikafanyika. Sioni kwa nini chombo kilichotumika kwenye mabanda kisitumike kwenye mtaa wa wenye nafasi, ila huku wenye ploti wana marafiki wengi zaidi.

Tuje kwenye taratibu, maana hapa ndipo kesi nzuri hufa. Kuna njia mbili na kila moja ina saa yake.

Idhini ya ujenzi, ile inayotolewa na kaunti, hukatiwa rufaa kwenye kamati ya uhusiano ya mipango ya ardhi ya kaunti ndani ya siku 14 tangu uamuzi. Sheria inasema anayeweza kukata rufaa ni mwombaji au mtu mwenye maslahi, kwa hiyo jirani anaingia. Leseni ya NEMA hukatiwa rufaa kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, ile ya jopo maalum, ndani ya siku 60. Mkichanganya, mkaenda moja kwa moja Mahakama ya Mazingira na Ardhi, jaji huenda akawarudisha akisema hamkumaliza hatua za chini, na mtakapofika kule chini siku zimekwisha. Na msidhani kukata rufaa peke yake kutazima mashine ya zege. Ombeni amri ya kusimamisha kazi siku ileile mnayowasilisha rufaa.

Siku 14 ni chache mno kwa mtu aliyejua habari kutoka kwa mlinzi wa geti. Tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: andikieni kaunti na NEMA mkiomba orodha ya maombi ya barabara yenu na ripoti zake, ofisi ya umma inatakiwa kujibu kwa muda usiozidi siku 21. Barua hiyo iandikwe sasa, kabla hamjakasirishwa na jumba lolote mahsusi.

Msitegemee pia tangazo la gazetini. Tangu 2019 miradi imegawanywa kwa hatari: ndogo, ya wastani na kubwa. Tangazo rasmi kwenye Gazeti la Serikali na magazeti ya kawaida linaandamana na ile tathmini kamili. Miradi ya chini yake hupita na ripoti fupi, na maoni ya umma huchukuliwa kwa fomu za maswali. Mkipata ripoti, fungueni kiambatisho cha fomu hizo kabla ya kusoma kitu kingine. Angalieni waliojaza ni nani. Zikiwa zote ni za mwendesha bodaboda, mlinzi na muuza mboga wa kona, zenye mwandiko unaofanana na jibu lilelile la "mradi utaleta ajira", hapo mmepata hoja. Si kwamba watu hao hawana haki ya kusema. Wanayo sawa na yenu. Hoja ni kwamba walio ukuta kwa ukuta na mjengo hawakuulizwa.

Hoja ya ushirikishaji ina meno. Juni 2019 mahakama ileile ya jopo iliifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Lamu, baada ya wanaharakati wa Save Lamu kukata rufaa, na moja ya sababu kuu ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mradi wa mabilioni ya shilingi ulianguka kwa sababu wenyeji hawakupewa ripoti kamili wakaijadili. Sera ya vikomo iliyoandaliwa kwa mkutano mmoja wa hotelini, asubuhi ya siku ya kazi, ina ugonjwa huo huo.

Swali lako la mwisho: wewe mpangaji. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinasema anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo hahitaji kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara au kuumia. Hakisemi "kila mwenye hati". Kwa kweli wapangaji ndio mashahidi wazuri zaidi, kwa sababu ndio wanaonunua bowsa kutoka mfukoni na kujua mfereji ulikauka siku gani. Anzeni daftari leo: tarehe maji yalipokuja na yalipokatika, tarehe mfuniko wa maji taka ulipofurika, picha za mtaro baada ya mvua, stakabadhi za bowsa. Maoni yenu kwa kaunti yakifika yakiwa na daftari hilo nyuma yake, mshauri wa ripoti atalazimika kulijibu. Nakala peleka NEMA pia, na ofisi ya mwakilishi wadi. Kila ofisi ipewe nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine waigonge muhuri wa tarehe ya kupokelewa na murudi nayo nyumbani.